Jicho la Babu Lililofaulu Mtihani

Kila siku baada ya shule, Rula alivua sare, akala chakula alichofunikiwa mezani, kisha akaenda kusimama nyuma ya babu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kusimama na kutazama.

Babu alikuwa mchora mabango. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango mpana uliotazama barabara. Makopo ya rangi yalipangwa chini ya dirisha, brashi zilining'inia kwenye misumari kubwa kwa ndogo, na harufu ya tapentaini haikutoka humo hata mlango ulipoachwa wazi siku nzima. Duka la dawa, kinyozi, fundi viatu, hata lango la shule ya Rula, yote yalikuwa na maandishi ya mkono wake.

"Imekaaje?" Babu aliuliza bila kugeuka kutoka kwenye bango lake.

"Inashuka, Babu."

"Inashuka kuanzia wapi?"

"Kuanzia herufi ya nne. Ile ya mwisho karibu iguse ukingo."

Babu aliguna. Alichukua kitambaa, akafuta kazi yote ya alasiri ile, akaanza upya. Rula akaegemea mguu wa pili. Nje wenzake walikuwa wakicheza mpira, na sauti iliyomfikia zaidi ilikuwa ya rafiki yake ambaye wote walimwita Redio kwa sababu hakujua kunyamaza.

"Shikamoo Babu," Redio alisema akipitisha kichwa mlangoni.

"Marahaba. Usinizibie mwanga."

"Rula, leo tena uko zamu? Tumekosa golikipa."

"Mwambieni ukuta udake," Rula alijibu kwa uchungu, na Redio akaondoka akicheka.

Hata jina la Rula lilitokana na kazi hiyo. Babu ndiye aliyempa, kwa vile jicho la mjukuu wake lilijua mstari ulionyooka na mstari uliopinda. Zamani Babu hakuhitaji rula ya aina yoyote. Lakini sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na ukungu huo ulikuja na vituko vyake. "Mstari mmoja nauona miwili," alimweleza Rula, "mmoja umempanda mwenzake mgongoni. Sijui niufuate upi."

Rula alimpenda babu yake. Lakini kusimama nyuma ya mtu kila alasiri na kumwambia amekosea si kazi tamu, hasa mtu mwenyewe akikununia kana kwamba wewe ndiye uliyeupinda mstari.

Hatimaye Mama, ambaye alikuwa binti wa Babu na alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, alimpeleka mzee kwenye zahanati. Mganga alimmulika kwa tochi, akasema ni mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyo ndani ya jicho imechakaa na kuwa kama kioo chenye mvuke. Akawatuma hospitali ya macho. Huko, alisema, wataitoa lenzi iliyochakaa na kuweka nyingine, na ziko za namna mbalimbali.

Jioni ile walisali pamoja kabla ya kula, kama ilivyokuwa desturi yao. Babu aliomba kwa sauti nzito, "Ee Mungu, nirudishie macho yangu nifanye kazi uliyonipa." Rula aliitikia "amina" kwa nguvu kuliko wote. Aliona alasiri zake zikirudi moja baada ya nyingine.

Siku ya kwenda hospitali, Mama hakupata ruhusa kazini. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Rula ndiye aliyemshika Babu mkono. Walikaa kwenye benchi refu ukumbini, na kila mara mlango wa chumba cha vipimo ulipofunguliwa, Rula aliona ubao mweupe ukutani wenye herufi, kubwa juu na ndogo chini.

"Wanafanya nini humo?" Babu aliuliza.

"Wanasomeshwa herufi."

Babu alikaa wima. "Mtihani?"

"Nadhani."

Babu aliinamisha kichwa karibu na sikio la Rula. "Sikiliza. Wamesema lenzi ziko za namna nyingi. Unafikiri ile nzuri watampa mtu aliyefeli? Hebu nisomee zile herufi."

Rula aliutazama ule mlango. Shuleni, mtu akinong'ona majibu anatolewa nje. Lakini huyu alikuwa Babu, na macho aliyataka kwa ajili ya kazi. Na yeye mwenyewe alikuwa amechoka, amechoka kabisa. Mlango ulipofunguliwa tena, alisoma kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari. Babu hakuhitaji kurudiwa. Mtu aliyeishi na herufi maisha yake yote huzipanga kichwani kama anavyozipanga kwenye bati, na alipoitwa aliingia akitembea kwa madaha.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka. Alimfunika Babu jicho moja, akamwelekeza ubaoni. Babu alisoma. Alimfunika la pili. Babu alisoma tena, na pale alipokuwa na shaka, umbo la herufi ndani ya ukungu lilimtosha kukisia.

"Unasoma vizuri sana, mzee wangu," daktari alisema.

"Herufi hizi ni watoto wangu," Babu alijibu, kifua mbele.

Daktari alimtazama tena kwa mashine, akakunja uso. "Mtoto wa jicho ninamwona. Lakini upasuaji tunaufanya macho yanapomzuia mtu shughuli zake. Wewe yanakuzuia?"

Hapo ndipo Babu angesema kweli. Lakini alikuwa amesifiwa sasa hivi, na sifa ilikuwa bado tamu mdomoni. "Hapana, daktari. Mimi bado niko imara."

"Basi hongera. Wako watu hapo nje wasioona hata njia, acha niwatangulize hao. Wewe urudi mwisho wa mwaka."

Babu alibaki ameduwaa. Walipotoka nje alikaa kwenye ngazi za hospitali.

"Nimefaulu," alisema, "halafu wamenifukuza."

Mama alipoambiwa hakuelewa. "Wamesema unaona? Baba, asubuhi umemimina chai nje ya kikombe."

"Wao ndio madaktari," Babu alijibu, akageukia ukuta. Rula alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Baada ya hapo siku zilikuwa mbaya. Wateja walipungua, na Babu alikuwa mkali kama pilipili. Rula akisema mstari unashuka, aliambiwa anamharakisha. Akinyamaza, aliambiwa amelala. Alasiri moja, mzee akiwa anaandika bango la duka la mikate, alimgombeza kwa kosa la brashi iliyodondoka yenyewe. Rula alihisi machozi yanamchoma.

"Andika mwenyewe," alisema, akatoka kwenda uwanjani.

Alidaka mpira hadi jua likazama, lakini haukumnogea. Aliporudi, mwenye duka la mikate alikuwa amesimama karakanani, mikono kiunoni.

"Mzee wangu, nakuheshimu," alikuwa akisema, "lakini hebu tazama. Maandishi yote yanateremka. Mtu akipita atadhani mikate yangu inaanguka rafuni. Siwezi kulichukua hili."

Babu hakubishana. Alisogea karibu na bango mpaka pua yake ikakaribia kugusa rangi mbichi, akarudi nyuma, akasogea tena. "Mimi nauona umenyooka," alisema taratibu. Kisha akaiweka brashi chini bila kuiosha. Rula hakuwahi kumwona akiiacha brashi bila kuiosha.

Jioni ile, wakati wa sala, Babu aliomba kwa maneno yale yale, ila sauti ilikuwa ya mtu aliyekata tamaa. "Ee Mungu, nirudishie macho yangu." Mama aliitikia. Rula alifungua mdomo, na "amina" ikakataa kutoka.

"Una nini?" Mama aliuliza.

"Siwezi kuitikia, Mama. Tunamwomba Mungu uongo." Alikaza macho kwenye mkeka. "Siku ile hospitali, mimi ndiye niliyemsomea Babu herufi. Daktari alidhani anaziona. Na alipomuuliza kama macho yanamzuia, Babu alisema hapana."

Babu alimtazama mjukuu wake, au upande aliokuwapo.

"Umenianika," alisema.

"Hajakuanika, Baba," Mama alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa akiizuia hasira yake. "Mimi ninaamka alfajiri, ninapiga magoti, namwomba Mungu atufungulie mlango. Kumbe mlango ulifunguliwa, na nyinyi wawili mkaufunga kwa mikono yenu. Tunarudi hospitali."

"Nikaseme nini? Kwamba mzee mzima niliibia mtihani?"

"Nitasema mimi, Babu," Rula alisema. "Aliyesoma ni mimi."

Safari hii Mama alibadilishana zamu na mwenzake, wakaenda watatu. Daktari alishangaa kuwaona. Rula alisimama mbele ya meza, mikono nyuma kama yuko mbele ya mwalimu mkuu, akaeleza yote. Alipomaliza, masikio yake yalikuwa yakiwaka moto.

Daktari aliweka kalamu chini. "Unajua niliwaza nini siku ile? Niliwaza kwamba nimeanza kuzeeka. Nikitazama ndani ya jicho naona ukungu mzito, lakini mwenye jicho anasoma kama kijana. Nilijitilia shaka mimi." Alimgeukia Babu. "Mzee wangu, kwenye chumba hiki hakuna anayefaulu wala kufeli. Ukiniambia huoni, hujashindwa. Umenionyesha pa kuanzia."

Alibandika ubao mwingine. Huu haukuwa na herufi, ulikuwa na alama moja tu yenye meno matatu kama uma, imegeuzwa huku na huku. Mtu alitakiwa kuonyesha kwa mkono meno yameelekea wapi. Hapakuwa na neno la kukisia wala umbo la kukumbuka.

Babu alionyesha ya kwanza. Ya pili akasita. Ya tatu mkono wake ulibaki hewani, ukaenda kulia, ukarudi juu, kisha ukashuka mapajani.

"Sioni," alisema.

Rula alitamani kumsaidia. Alijishika mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Babu aliwekewa matone, akaegemeza kidevu kwenye mashine moja, kisha nyingine. Baadaye daktari aliwaonyesha kwenye kompyuta picha ya duara lenye rangi nyingi. "Kumbe kuna mambo mawili," alisema. "La kwanza ni mtoto wa jicho, hilo mnalijua. La pili, kioo cha mbele cha jicho lake si mviringo kama mpira. Kimevutwa kidogo, kama yai. Sisi tunaita astigmatizimu. Mwanga ukipita hapo haukutani mahali pamoja."

"Ndiyo maana mstari mmoja anauona miwili?" Rula aliuliza.

"Ndiyo maana. Na hilo halitoki kwa kuondoa mtoto wa jicho peke yake. Nikimwekea lenzi ya kawaida, ukungu utaondoka, lakini mistari itabaki na vivuli mpaka avae miwani. Ipo lenzi nyingine iliyotengenezwa kusawazisha ule mvuto wa yai. Hiyo ina alama ndogo pembeni, na lazima niilaze kwa upande wake hasa. Ikigeuka, faida yake inapungua, na pengine nitahitaji kuirekebisha."

"Na ile inayoonyesha mbali na karibu kwa pamoja?" Mama aliuliza. "Jirani alinisimulia."

"Ipo. Lakini baadhi ya watu wanaona pete kuzunguka taa, na vitu havikolei vizuri. Mtu anayeshughulika na rangi simshauri."

Mama alishusha pumzi. "Basi hiyo ya kusawazisha, na awekewe ya kuona mbali. Barabara yetu ina pikipiki, daktari. Kila akivuka moyo unanitoka."

Daktari alimtazama Babu. "Mzee unasemaje? Ya mbali?"

"Yoyote, daktari. Wewe ndiye unayejua."

Kwa mara ya kwanza daktari alionekana kukereka. "Hapana, hilo silijui. Lenzi nazijua mimi. Siku yako, tangu unapoamka mpaka unapolala, unaijua wewe. Lenzi hii si miwani, kwamba usipoipenda utaivua. Itakaa ndani ya jicho lako maisha yako yote. Nikikosea kwa sababu umenificha, utaishi na jicho la mtu mwingine."

Babu aligeuka upande wa Rula, kama alivyozoea. Rula alimwona akimsubiri. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi wake, lakini aliyazuia. Haya hayakuwa ya kunong'onezwa.

Babu akakohoa. "Mimi ni mchora mabango," alisema. "Miezi yote hii anayeona mstari ni huyu mtoto. Mimi nasukuma brashi tu. Wateja wanarudisha kazi. Nilikuambia macho hayanizuii, na haikuwa kweli. Yamenizuia kila kitu."

"Asante," daktari alisema. "Sasa simama. Nenda ukutani uniandikie bango."

"Bila brashi?"

"Bila brashi."

Babu alisimama mbele ya ukuta mtupu. Alijipima miguu, akakunja kiwiko kidogo, akainua mkono na kuanza kuandika hewani, taratibu, kama aliye peke yake. Daktari alisogea na utepe, akapima kutoka jichoni mpaka kwenye ngumi yake.

"Umeona, mama?" alimwambia Mama. "Kazi yake haiko mbali wala haiko karibu kama kitabu. Iko hapa, urefu wa mkono. Nikiweka ya mbali, hapa hapa atahitaji miwani."

"Na miwani kwenye kazi yangu inajaa rangi kabla ya saa sita," Babu alisema. "Nimejaribu. Nikiifuta, napaka zaidi."

"Ukichagua ya hapa, utavaa miwani barabarani, na mingine ukisoma maandishi madogo. Siwezi kukuahidi macho ya ujana."

Mama alikuwa amekunja mikono kifuani. Ilionekana wazi kwamba hakufurahi. "Na ukisahau miwani ukavuka?"

"Nitaivaa, mwanangu. Hapa mbele ya daktari nasema nitaivaa. Lakini nikiona pikipiki zote na nisiione brashi yangu, nitakaa karakanani nikitazama nini?"

Mama alifikiri, kisha akaachia mikono yake. "Haya. Jicho ni lako, Baba."

Upasuaji ulikuwa mfupi kuliko foleni. Jicho la kulia lilitangulia, lile la kushoto likapangiwa siku nyingine. Kesho yake asubuhi walirudi ili kifuniko kiondolewe. Babu alipepesa, machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke kwa sababu alikatazwa kujifuta.

"Unaona nini?" daktari aliuliza.

Chumba kizima kilisubiri furaha. Babu hakuharakisha. Alitazama mbele, akatazama mikono yake, akatazama tena mbele.

"Rangi zimerudi," alisema. "Kucha zangu naziona, na ni chafu. Wewe uso wako nauona, lakini ukirudi nyuma pale mlangoni unafifia. Ile saa ya ukutani naiona duara tu, mishale siioni. Na jicho linakwaruza kama lina mchanga."

Daktari alitabasamu, uchovu wote ukamtoka usoni. "Hilo ndilo jibu nililokuwa nalitaka. Mchanga utaisha kwa matone. Mishale ya saa ni kazi ya miwani. Hayo mengine ndiyo uliyoyachagua." Kisha akamtajia makatazo: asiiname, asiinue mizigo, asiguse rangi mpaka atakaporuhusiwa. Uso wa Babu ulimshuka.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposema. Na ukivunja masharti, uniambie."

"Nitakuambia," Babu alisema, na safari hii hakuna aliyemtilia shaka.

Nje, Mama alikwenda kwenye dirisha la dawa kuchukua matone. Babu na Rula walibaki kwenye benchi. Tangu jioni ile ya sala walikuwa wameongea, lakini si kama zamani, na Rula hakujua aanze vipi.

"Babu, bado umenikasirikia?"

Babu alisimama. Alimshika bega, akanyoosha mkono wake, akamsogeza nyuma kidogo na mbele kidogo, mpaka mjukuu akatulia mahali alipopataka. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Umekua," alisema. "Umekua na mimi sikuona."

Rula aliangalia chini.

"Inua uso, nimelipia lenzi." Babu alicheka kidogo, kisha akawa makini. "Sikiliza, mjukuu wangu. Nilikuomba uninong'oneze nikaona ndiyo mapenzi. Ukaninong'oneza ukaona ndiyo heshima. Sote tulikosea, na kosa langu ni kubwa kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Mungu alikuwa ameshatuletea mtu wa kunisaidia, nami nikamficha ugonjwa wangu ili anisifu. Kuanzia leo, ukimwona mtu unayempenda anauficha udhaifu wake mbele ya anayeweza kumtibu, usimsaidie kuuficha. Kaa karibu naye, mshike mkono, lakini mwache aseme kweli. Akishindwa, mtie moyo mpaka aseme. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Babu."

"Na wewe je, una lolote la kuniambia?"

Rula alisita. Kisha akasema ukweli wake, ule uliokuwa umemkaa moyoni muda wote. "Nimechoka kusimama nyuma yako kila siku. Nakupenda, lakini nataka kucheza."

Babu aliitikia kwa kichwa, bila kununa. "Hilo lilikuwa la kuniambia tangu mwanzo," alisema. "Basi nenda ukacheze."